Kocha Anayebaki, Wachezaji Wanaoondoka

Timu ya soka ya wanawake ya Chuo Kikuu cha North Carolina, katika mji wa Chapel Hill, ilitambuliwa rasmi na chuo mwaka 1979. Kuanzia hapo hadi Agosti 2024 ilikuwa na kocha mkuu mmoja tu, Anson Dorrance. Kwa msomaji anayefuatilia soka la Kariakoo, ambako kocha hupokewa uwanja wa ndege kwa ngoma na huweza kuagwa kabla msimu haujafika nusu, miaka 45 kwenye benchi moja ni habari ya kusoma mara mbili. Wala Dorrance hakuwa peke yake. Jerry Yeagley alifika Indiana mwaka 1963, wakati soka pale lilikuwa klabu ya wanafunzi tu. Aliihudumia hivyo kwa miaka kumi, hadi chuo kilipoikubali kuwa timu rasmi mwaka 1973. Alipostaafu mwaka 2003 aliondoka na ubingwa wake wa sita wa taifa.

Ukiitazama kazi hii ya kocha wa chuo kutoka Dar es Salaam au Mombasa, ni rahisi kusema siri yake ni fedha. Fedha zipo, tena nyingi, lakini hazimwelezi Yeagley wa mwaka 1963. Ninachokiona mimi ni mpangilio wa nani anakaa na nani anaondoka. Katika klabu ya kulipwa, beki mzuri anaweza kudumu miaka kumi huku makocha wakipishana juu yake. Katika vyuo vya Marekani mambo yamegeuzwa. Kanuni inampa mwanafunzi misimu minne ya kucheza, kisha anavaa joho na kwenda zake, awe mfungaji bora wa nchi au kipa wa akiba. Kocha ndiye anayebaki kuwapokea wapya. Ustadi wake wote, na hata makosa yake makubwa, nadhani vinaanzia hapo.

Kalenda yenyewe inambana. Msimu unaanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Desemba, mara nyingi kwa michezo miwili kwa wiki. Kijana aliyefika wiki chache zilizopita akiwa na sanduku lake anatakiwa acheze kama mtu wa nyumbani. Kanuni za kubadilisha wachezaji nazo ni tofauti na za FIFA: aliyetolewa anaweza kurudi uwanjani, na wanaoingia ni wengi. Makocha waliolelewa katika soka la Ulaya huiona kanuni hiyo kuwa inaharibu mchezo, kwa sababu inamwondolea mchezaji wajibu wa kugawa nguvu zake kwa dakika 90. Dorrance aliigeuza kuwa silaha. Alipanga watu watatu nyuma, wanne katikati na watatu mbele, akawaamuru kuukaba mpira tangu kwenye eneo la wapinzani, na waliochoka walipotoka, kundi jingine lenye miguu mipya liliingia kuendeleza kazi ileile.

Dorrance hakufika hapo kwa njia ya mchezaji wa kulipwa. Alizaliwa Bombay mwaka 1951, baba yake akiwa ofisa wa kampuni ya mafuta, na utoto wake ulipita katika miji kadhaa, Nairobi na Addis Ababa ikiwamo, kabla ya kupelekwa shule ya bweni Uswisi. Aliucheza mchezo huu katika nchi zilizoupenda, kisha akauhamishia katika nchi ambayo bado haikuujali. Akiwa Chapel Hill alimchezea kocha Marvin Allen, na Allen alipong'atuka alimrithi katika timu ya wanaume mwaka 1977, huku akisoma sheria. Sheria aliiacha njiani. Miaka miwili baadaye alikabidhiwa na timu ya wanawake, akazifundisha zote mbili kwa takriban muongo mzima.

Timu hiyo ya wanawake haikutokea kwa hisani. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iitwayo Title IX, iliyopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vikalazimika kuwapa wasichana nafasi za michezo, na soka, ambalo halihitaji vifaa vingi na hubeba kikosi kikubwa, likafaa sana kujaza pengo hilo. Dorrance aliingia mlango huo mapema kuliko wengi. Alitwaa ubingwa wa kwanza mwaka 1981, na kuanzia 1982, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kilipoanza mashindano yake ya wanawake, aliongeza mataji 21, tisa kati ya hayo mfululizo kuanzia 1986 hadi 1994. Katikati ya mbio hizo aliifundisha pia timu ya taifa. Novemba 1991, huko Guangzhou, Marekani iliifunga Norway 2-1 na kutwaa Kombe la kwanza la Dunia la wanawake. Nahodha April Heinrichs alikuwa zao la Chapel Hill, na Mia Hamm, aliyekuwa na miaka 19, alikuwa bado mwanafunzi wake.

Mbinu yake iliyozungumzwa kuliko zote aliichukua kwa jirani. Aliyatazama mazoezi ya Dean Smith, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo hichohicho, akaona kwamba kila tendo linaandikwa. Naye akafanya hivyo: karibu kila zoezi likawa shindano lenye mshindi na mshindwa, wasaidizi wakanukuu matokeo, na orodha ikabandikwa ili kila mchezaji alijue jina lake liko nafasi ya ngapi. Wengi wamelisifu jambo hili kwa kujenga moyo wa ushindani. Mimi nalitazama kama jibu la tatizo la muda. Msichana wa miaka 18 anafika akiwa nyota wa jimbo lake, na kocha hana miaka mitatu ya kumshawishi polepole kwamba hapa yeye ni wa kawaida. Orodha inamwambia kwa wiki moja. Aliyeko mwaka wa nne anaijua orodha hiyo vizuri, na ndiye anayemfundisha mgeni namna ya kuishi nayo. Dorrance alikuwa pia na desturi ya kuwaandikia barua wanaomaliza, barua zilizosomwa mbele ya timu kuelekea mchezo wa mwisho. Alikuwa ameufanya uondokaji wenyewe kuwa sehemu ya ufundishaji.

Lakini kocha anayedumu muda mrefu mbele ya vijana wanaopita tu hukusanya mamlaka ambayo hakuna mchezaji anayeweza kuyapima. Mwaka 1998 wanawake wawili waliowahi kumchezea Dorrance walifungua mashtaka ya unyanyasaji wa kijinsia, wakisema aliwauliza wachezaji habari za maisha yao ya kimapenzi na kuzizungumza mbele ya wenzao. Alikanusha kuwanyanyasa, ingawa aliomba radhi kwa kushiriki mazungumzo ya namna hiyo. Shauri la mwisho lilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2008, chuo kikilipa dola 385,000. Sioni namna ya kuandika juu ya mataji 22 na kuliruka jambo hili. Kocha ndiye aliyegawa ufadhili wa masomo, aliyeamua nani acheze, na mara nyingi ndiye ambaye barua yake ya mapendekezo ilifungua mlango wa timu ya taifa. Msichana wa miaka 19 aliyeudhika angelalamika kwa nani?

Sasa tuuangalie upande mwingine wa nchi hiyohiyo, ambako utamaduni wa kazi hii ulikuwa na mizizi tofauti kabisa. Howard ni chuo kikuu cha kihistoria cha Wamarekani weusi, katika jiji la Washington. Mwaka 1970 kilimpata Lincoln Phillips, kipa wa Trinidad na Tobago aliyekuwa amefika Marekani kucheza soka la kulipwa. Phillips hakuhitaji kumfundisha mtu kuupenda mpira. Wachezaji wake walitoka visiwa vya Karibi na nchi za Afrika, Nigeria na Guinea zikiwamo, vijana waliokuja kusoma na waliokuwa wameucheza mchezo huu tangu wanatembea. Mwaka 1971 Howard haikupoteza hata mchezo mmoja, na katika fainali iliyopigwa Miami iliifunga Saint Louis, chuo kilichokuwa kimeutawala mchezo huo kwa zaidi ya muongo mmoja, kwa mabao 3-2. Hakuna chuo cha Wamarekani weusi kilichokuwa kimewahi kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza la NCAA katika mchezo wowote.

Ubingwa huo ukanyang'anywa. NCAA ilidai baadhi ya wachezaji hawakustahili kucheza. Dai moja lilitokana na kanuni ya mitihani ya kujiunga na chuo, jingine na kanuni iliyomhesabia mwanafunzi wa kigeni miaka aliyocheza nchini kwake kuwa sehemu ya misimu yake ya chuo. Howard ikafungiwa kushiriki mashindano ya mwaka 1973. Chuo kilikwenda mahakamani, na mwaka 1975 Mahakama ya Rufani ya Washington ilisema kanuni hiyo ya wageni inavunja haki ya usawa mbele ya sheria, ingawa iliziacha kanuni nyingine zisimame. Hukumu hiyo ilipotoka, Phillips alikuwa tayari amejibu kwa namna yake. Msimu wa 1974 timu yake ilicheza michezo 19 na kushinda yote. Fainali ilikuwa dhidi ya Saint Louis tena, safari hii katika mji wa Saint Louis wenyewe, mbele ya mashabiki wao. Dakika 90 zilikwisha kwa sare, zikaongezwa, zikaongezwa tena, hadi kipindi cha nne cha nyongeza ambapo Kenneth Ilodigwe, Mnigeria, alifunga bao la 2-1.

Ukiwaweka Dorrance na Phillips pamoja, unaona wote wawili walipewa timu ambazo wenye mamlaka hawakuzitazamia kufika mbali. Dorrance aliinuliwa na sheria mpya. Phillips alisimama mbele ya kanuni iliyomkandamiza. Dorrance alipewa miaka mingi kuliko kocha yeyote anavyoweza kuomba, naye Phillips alikaa Howard takriban miaka kumi. Pamoja na kazi ya uwanjani, Phillips alilazimika kuwa msemaji, mlezi wa vijana walio mbali na nchi zao, na mtu wa kuwaeleza wachezaji kwamba kila ushindi wao unasomwa na watu wasiojua hata kanuni za mchezo. Mataji hayalingani, 22 kwa moja lililobaki vitabuni. Nikiulizwa ni kocha gani kati yao alifanya kazi ngumu zaidi, sitasita kumtaja Phillips.

Yupo wa tatu ambaye njia yake inagusa bara letu. Bobby Clark alikuwa kipa wa Aberdeen na wa Scotland, aliyeichezea timu ya taifa mara 17. Alipotundika glovu alikwenda Zimbabwe kuifundisha Highlanders ya Bulawayo, na kutoka hapo akavuka bahari kwenda Dartmouth mwaka 1985. Baadaye aliifundisha timu ya taifa ya New Zealand, akarudi Marekani Stanford, na mwisho Notre Dame, ambako alitwaa ubingwa wa mwaka 2013. Mtu aliyeiongoza timu ya taifa akarudi chuoni kwa hiari! Katika Ulaya hilo lingeonekana kama kushuka ngazi. Naamini Clark aliona kwamba chuoni ndiko kocha anapoachwa kuwa mwalimu. Mwanawe Jamie alimchezea Stanford, naye sasa ni kocha wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Huko alimfundisha Handwalla Bwana, kijana wa Kisomali aliyezaliwa Mombasa na kuishi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma kabla ya familia yake kupelekwa Marekani. Baada ya misimu miwili chuoni, Bwana alisajiliwa na Seattle Sounders. Kwa kijana kama huyo, timu ya chuo ilikuwa sehemu ya daraja.

Uingereza haina kazi ya namna hii, kwa sababu huko mtoto mwenye kipaji huchukuliwa na klabu kabla hajafikisha miaka kumi, na anayefika chuo kikuu huhesabiwa kuwa amekwisha kuachwa. Ndiyo maana historia ya Graham Potter inavutia. Alipomaliza kucheza alifanya kazi Chuo Kikuu cha Hull, kisha Leeds Metropolitan, akifundisha wanafunzi ambao hakuna klabu iliyowataka, na yeye mwenyewe akisomea shahada ya uzamili kuhusu uongozi. Mwaka 2011 alikwenda Östersund, klabu iliyokuwa daraja la nne Uswidi, akaipandisha hadi ligi kuu, akatwaa Kombe la Uswidi mwaka 2017, na Februari 2018 akaifunga Arsenal 2-1 London. Kisha Swansea, Brighton, Chelsea. Katika masimulizi ya Kiingereza miaka yake ya chuoni hutajwa haraka kama chumba cha kusubiria. Naiona kinyume: pale ndipo alipojifunza kumfundisha mtu asiyelipwa na anayeweza kuacha mazoezi kesho akitaka.

Japani nayo imeshika njia ya kati. Mwaka 2016 Mitoma Kaoru alikataa mkataba wa Kawasaki Frontale ili asome Chuo Kikuu cha Tsukuba, akachezea timu ya chuo na kuandika tasnifu yake juu ya kupiga chenga, akiwafunga wenzake kamera kichwani kuchunguza wanachokitazama. Tsukuba hiyohiyo, mwezi Juni 2024, iliiondoa kwa penalti Machida Zelvia, iliyokuwa ikiongoza ligi kuu, katika Kombe la Mfalme. Kule kocha wa chuo anahesabiwa kuwa mwanataaluma, na uwanja ni maabara yake.

Narudi Marekani kidogo, maana mambo yanabadilika kwa kasi. Kwa miaka mingi kocha wa wanaume wa daraja la kwanza alikuwa na ufadhili wa masomo 9.9 tu wa kugawa kwa kikosi cha watu 25 au zaidi, kocha wa wanawake 14. Alipiga hesabu ya nusu na robo, akimwahidi mmoja ada, mwingine malazi. Makubaliano ya kisheria yaliyoidhinishwa Juni 2025 yaliondoa ukomo huo kwa vyuo vilivyojiunga nayo na kuweka ukomo wa idadi ya wachezaji. Kabla ya hapo, mwaka 2018, ulianzishwa mfumo unaomruhusu mchezaji kutangaza kwamba anataka kuhama, na kuanzia 2021 wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kwa matangazo ya majina yao. Ninafurahi kwa wanafunzi. Kwa muda mrefu mno walifungwa mikono huku makocha wakihama wapendavyo, na msichana anayedhalilishwa leo ana mahali pa kukimbilia. Lakini kocha aliyezoea kupanga miaka minne sasa anapanga mmoja. Dorrance alistaafu siku chache kabla ya msimu wa 2024, msaidizi wake Damon Nahas akashika usukani, na Desemba timu ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Wake Forest 1-0. Urithi wa aina hiyo unahitaji watu waliokaa pamoja, na sina hakika mfumo mpya utaendelea kuwazalisha.

Kwetu Tanzania kazi ya kocha wa chuo haipo kama kazi. Wapo watu. Joel Bendera alikuwa kwenye benchi la Taifa Stars, pamoja na Mpolandi Slawomir Wolk, ilipopata sare ya 1-1 Ndola mwaka 1979 kwa bao la Peter Tino na kufuzu fainali za Afrika za 1980 Lagos. Baadaye alikuwa mbunge, naibu waziri na mkuu wa mkoa. Dk. Mshindo Msolla, msomi wa kilimo, aliifundisha Taifa Stars, na mwaka 2019 akachaguliwa mwenyekiti wa Yanga. Kanali Idd Kipingu aliifanya Shule ya Sekondari Makongo kuwa jina la kwanza kutajwa kila vijana wa michezo walipozungumzwa. Hawa ni watu wa uwezo mkubwa, na inanisikitisha kwamba hakuna chuo kikuu chetu kilichokuwa na kiti cha kuwakalisha kwa miaka 20 wafundishe soka tu, walipwe kwa hilo, na wawaachie wengine walichojifunza.

Anayebeba mzigo huo ni mwalimu wa michezo. Huyu anafundisha jiografia au Kiswahili asubuhi, jioni anapuliza filimbi kwenye uwanja wa vumbi, na mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yakikaribia anaomba nauli ya wachezaji kwa wazazi na wafanyabiashara wa mji. Chuo cha Michezo cha Malya, mkoani Mwanza, kimewafundisha wengi wa aina yake, na ufundi wanao. Wanachokosa ni kuachwa mahali pamoja. Wanafunzi wa mwalimu huyo humaliza na kuondoka, kama wale wa Chapel Hill. Lakini yeye pia hupata barua ya uhamisho, akapelekwa wilaya nyingine ambako kuna upungufu wa walimu wa somo lake. Barua hiyo haitaji timu, kwa sababu katika faili lake la utumishi timu haimo. Anayekuja kushika vipindi vyake huenda hajui mpira, na vijana wa kidato cha pili waliokuwa wakisubiri zamu yao hubaki na uwanja usio na mtu wa kuwafundisha. Kumwandika mtu huyo kuwa kocha, katika vyuo vikuu kumi tu kwa kuanzia, kwa mkataba usiovunjwa na uhamisho, hakutahitaji viwanja vya nyasi bandia wala ndege za kukodi. Yeagley alianza bila timu yake kutambuliwa hata na idara ya michezo ya chuo chake.